Kabla ya Kumshuku Jirani: Uzito wa Intaneti ya Waya Majumbani Mwetu

Kwa muda wa miezi miwili, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale hapa Mombasa, tulimshuku kijana mmoja kwa kosa ambalo hakulitenda. Hatukumfikisha popote, wala hatukuwa na ushahidi wa kumfikisha nao. Tulichokuwa nacho ni intaneti iliyokwenda mwendo wa kobe, na mpangaji wa chini ambaye kila tulipopita tulimkuta ameketi barazani na simu mkononi. Mambo hayo mawili tukayafunga pamoja, tukaona tumepata jawabu. Tunayaandika haya kwa sababu katika mazungumzo yetu na jamaa na majirani tumetambua kwamba nyumba nyingi zinapita njia hiyo hiyo: mtandao ukizorota hulaumiwa kwanza jirani, kisha watoto, kisha kampuni, waya wenyewe hauulizwi kitu.

Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya ghorofa mbili. Chini wamepanga vijana wanne wa chuo, sisi na watoto tunakaa kati, na mama yetu anakaa juu. Intaneti inaingia kutokea darini kwa ule waya mweusi wa duara, unene wa kalamu, ambao ndio huo huo unaoleta televisheni. Kifurushi tunacholipia ni cha megabiti 20 kwa sekunde. Mwaka wa kwanza hatukuwa na la kulalamika. Zilipopita mvua za masika, mambo yakageuka: picha zinaganda, kazi za shule za watoto hazifunguki, na jambo lililotuuma zaidi, mazungumzo ya mama na kaka yake yakawa ya kukatikakatika. Mjomba wetu huyo anaishi Maskati na miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Kila Ijumaa baada ya Alasiri wao wawili huonana kwa simu ya video, na kwa umri walio nao hakuna kati yao anayeihesabu Ijumaa kuwa ni ya kupoteza. Wiki moja mama alikaa nusu saa akiutazama uso wa kaka yake ulioganda, mdomo wazi, asijue kama upande wa pili anasikika au hasikiki.

Tukabadilisha neno la siri la waifai. Hali haikubadilika. Tukalibadilisha tena. Mara ya tatu tulishuka ngazi na kumwambia yule kijana, mbele ya wenzake watatu, kwamba ni vyema kila mtu akatumia alichokilipia. Alitutazama kidogo, akasema, “Sawa, Ustadhi,” basi. Tangu siku ile kila tulipotokea mlangoni yeye aliinuka barazani na kuingia ndani, na sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukakuchukua kuinuka kule kuwa ndiko kukiri.

Kabla hatujaendelea na kisa hiki, kuna jambo la hesabu ambalo likieleweka litapunguza malalamiko mengi hata kabla ya fundi kuitwa. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta na simu zetu huonyesha ukubwa wa mafaili kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 20 asitarajie kupakua zaidi ya megabaiti 2.5 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi yake kamili, hakuna aliyemwibia. Faili la megabaiti 700 litamchukua si chini ya dakika nne na sekunde arobaini. Tumewahi kumsikia mzee mmoja mwenye heshima zake akiilaani kampuni kwa kumpa “mbili na nusu” badala ya “ishirini”, na ilhali haki yake alikuwa akiipata yote.

Sisi hatukuwa tukiipata. Na tulichelewa kujua kwa nini, kwa sababu kwa muda wote ule hatukupima; tulihisi tu. Kazi ya ukatibu inamzoesha mtu kuandika kumbukumbu za vikao, na mwishowe tabia hiyo ndiyo iliyotufaa: tulichukua daftari la kurasa thelathini na mbili, tukachora mistari, na kwa siku tisa tukapima kasi mara tatu kwa siku, baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri na baada ya Isha, kwa programu ya kupimia ambayo hupatikana bure. Alfajiri tulipata 4, mchana 3, usiku 2.

Nambari hizo zilikuwa na habari ndani yake. Intaneti ya waya wa televisheni ina desturi ya ujirani. Kampuni huleta waya wa nyuzi za kioo mpaka kwenye mtaa, na kutoka hapo waya wa shaba unagawiwa nyumba nyingi ambazo zote hunywa kisima kimoja. Njia moja ya masafa katika waya huo hubeba takriban megabiti 50 kwa sekunde, na modemu nyingi za sasa huunganisha njia nane au zaidi kwa pamoja; lakini hizo ni njia za mtaa mzima. Saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa na filamu yake, kisima hupungua. Katika mwezi wa Ramadhani saa hizo husogea, msongamano ukaja baada ya tarawehe. Dalili ya ugonjwa huu ni moja: usiku kasi inashuka, na alfajiri watu wakiwa wamelala inarudi kuwa kamili. Akiona hivyo, mtu ajue kwamba ndani ya nyumba yake hakuna cha kutengeneza. Dawa iko kwa kampuni, ambayo yapasa iugawe mtaa katika mafungu madogo zaidi au iongeze njia. Daftari letu lilionyesha kitu kingine. Alfajiri yetu nayo ilikuwa mbovu.

Hata hivyo vipimo vile vilikuwa na kasoro, nayo ni kasoro ya karibu kila mtu: tulipima kwa simu, tukiwa chumbani, milango miwili kutoka kwenye modemu. Anayepima namna hiyo amepima mambo matatu kwa mkupuo mmoja, yaani waya wa kampuni, mawimbi ya waifai na simu yake mwenyewe, na hawezi kujua ni lipi kati ya matatu lililomwangusha.

Usiku wa siku ya kumi, saa tano, watoto wamelala, tulifanya kipimo ambacho tungelifanya siku ya kwanza kingetuepusha na mengi. Tuliingia katika ukurasa wa ruta, tukaizima waifai kabisa. Tukachukua waya mfupi wa mtandao, tukaunganisha kompyuta moja moja kwa moja kwenye modemu. Hapo hapakuwa na simu ya mtoto, televisheni wala mtu wa barazani. Palikuwa na kompyuta moja na waya mmoja. Tukapima: 3. Tukapima tena: 3.

Ilituchukua muda kuinuka pale kitini. Waifai ikiwa imezimwa hakuna kiumbe awezaye kuiiba, na mtandao ulikuwa umelegea vile vile. Kipimo chote hakikuzidi dakika tano. Katika ukurasa ule ule wa ruta palikuwapo pia orodha ya vyombo vyote vilivyowahi kuunganishwa, nayo hatukuwa tumeitazama hata siku moja. Vilikuwa kumi na kimoja, na vyote vilikuwa vyetu, ikiwemo simu kuukuu ya mama watoto iliyokuwa imesahauliwa kwenye saraka, imechomekwa kwenye chaji, ikijipakulia masasisho.

Tulipoipigia simu kampuni tulijibiwa kwa adabu kwamba tuizime modemu, tusubiri nusu dakika, tuiwashe. Watu huicheka nasaha hii, nasi hatuicheki, maana mara nyingi hufaa: modemu iliyokwama hupata kujipanga upya. Kwetu haikufaa. Akaja fundi wa kwanza, akatazama taa, akabadilisha modemu, akaenda zake. Kasi ikabaki 3. Tuliomba aletwe mwingine, na safari hii tulikuwa na daftari mkononi. Tulisoma nambari zetu kwenye simu moja baada ya moja, na tukaona namna sauti ya upande wa pili inavyobadilika mteja anapotaja saa na vipimo badala ya kusema tu kwamba “inasumbua”.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima, mchache wa maneno. Hakuigusa modemu. Alifungua kompyuta, akaandika anwani ya 192.168.100.1, ambayo ndiyo modemu nyingi za waya wa televisheni huijibu, ukatokea ukurasa uliojaa tarakimu. Akatuonyesha mistari mitatu, akatueleza kwa subira, nasi tunaieleza hapa kama tulivyoielewa, kwa kuwa kila mwenye modemu ya namna hii anaweza kuitazama mwenyewe bila ya kuvunja kitu.

Mstari wa kwanza ni nguvu ya ishara inayoingia, ambayo hupimwa kwa desibeli. Sifuri ndiyo katikati, si ubovu. Kizuri ni kuwa baina ya 7 chini ya sifuri na 7 juu yake, na modemu huvumilia hata zaidi ya hapo kidogo. Yetu ilikuwa 13 chini ya sifuri. Mstari wa pili ni uwiano wa ishara na kelele, yaani ni kwa kiasi gani sauti ya mtu inasikika juu ya zogo la soko. Mafundi hupenda kuona 33 kwenda juu. Yetu ilikuwa 27. Mstari wa tatu ni nguvu ambayo modemu yenyewe inaitumia kuipelekea kampuni ujumbe, na huu, kinyume na mtu anavyodhani, ukiwa mkubwa ni ubaya: maana yake modemu inapiga ukelele ili isikike. Ikivuka 50, imekaribia ukomo wa sauti yake. Yetu ilikuwa 53. Chini yake palikuwa na hesabu ya makosa yasiyosahihishika, na hesabu hiyo ilikuwa ikipanda huku tunaitazama. Kila fungu la data linaloharibika njiani halina budi kutumwa tena, na kutumwa tena na tena ndiko huko tunakokuita uzito wa mtandao.

“Waya unaingilia wapi?” akauliza fundi. Tukampandisha darini.

Pale juu, chini ya bati lililokuwa limetoboka, tulikuta historia nzima ya nyumba. Mpangaji wa miaka ya nyuma alitaka televisheni vyumba vinne. Akawekewa splita ya njia nne, kile kisanduku kidogo cha chuma kinachogawa waya mmoja kuwa kadhaa. Baadaye mwingine akataka intaneti. Akaongezewa splita ya njia mbili nyuma ya ile ya kwanza. Vyumba vitatu kati ya vile vinne havina televisheni leo, na waya wa kimoja umekatwa na kuachwa ukining'inia wazi. Fundi akatuambia kwamba splita ya njia mbili hupunguza takriban desibeli 3.5 kwa kila tawi, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nguvu, na ya njia nne hupunguza kama 7. Jumla ni desibeli kumi na nusu. Ukihesabu, ishara iliyofika kwenye modemu yetu haikuwa hata sehemu moja kwa kumi ya ile iliyoingia darini. Iliyobaki ilikuwa ikilisha vyumba visivyo na mtu.

Kisha akafungua konekta, ile ncha ya kuzungusha iliyo mwisho wa waya, na ndani yake mlikuwa kijani kibichi. Hewa ya bahari ina chumvi, mvua ya masika ilipenyeza maji, na shaba ikaliwa. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri: ishara ilikuwa dhaifu tangu mwanzo lakini ikijikongoja, na kutu ndiyo iliyoisukuma ikavuka mpaka. Wanaokaa karibu na bahari, kutoka Lamu hadi Mtwara na Unguja na Pemba, wasisahau kukagua ncha hizo baada ya kila masika, hata kama ni za antena tu.

Aling'oa splita zote mbili. Akakata ncha zilizoliwa, akafunga mpya zenye mpira wa kuzuia maji, akautoa waya mmoja moja kwa moja kutoka darini hadi kwenye modemu. Kazi ilichukua chini ya saa moja. Tuliporudi kwenye ukurasa ule, nguvu ilikuwa 1 juu ya sifuri, uwiano 37, na sauti ya modemu imeshuka hadi 40. Tukapima kasi kwa waya: 19. Tulimuuliza kama tununue kile kifaa cha kukuza ishara kinachouzwa madukani, akatikisa kichwa: kifaa hukuza ishara na kelele kwa pamoja, na vingi vya bei nafuu huziba kabisa njia ya kurudi kwa kampuni. Akatuusia pia kwamba waya ulio kwenye nguzo ya barabarani ni wa kampuni, tusijaribu kuupandia wenyewe, kwani jirani yake pale juu ni waya wa umeme.

Jioni hiyo baada ya Magharibi tulishuka chini. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi, na yote yalitutoka. Tukamwambia yule kijana kwamba tulimdhania vibaya, kwamba kosa lilikuwa darini kwetu, na kwamba tumekuja kumtaka radhi.

“Ustadhi,” alisema, “mimi hiyo waifai yenu sijawahi hata kuijaribu. Nanunua bando. Nakaa barazani kwa sababu humu ndani mtandao wa simu hauingii. Kuta hizi hazipitishi kitu.”

Tukanyamaza. Kisha akaongeza, bila ya hasira, “Mimi nimesamehe. Lakini usiku ule walikuwapo wenzangu watatu, na mmoja wao alikwenda kumsimulia mwenye duka.”

Kwa hiyo radhi ikawa si ya mlango mmoja. Tuliwakusanya wale watatu tukayasema tena yale yale, na asubuhi yake tukaenda kwa mwenye duka, ambaye alitusikiliza huku akipima sukari, akasema kwamba yeye tangu hapo hakuamini. Hatukumuuliza kwa nini basi alikuwa amekataa kumkopesha yule kijana unga.

Maneno ya kijana kuhusu kuta yalitufaa mapema kuliko tulivyotarajia, kwa maana mama alipokaa Ijumaa ile kuzungumza na kaka yake, picha ilikatika tena. Kwenye modemu kulikuwa na 19. Chumbani kwa mama, ghorofa moja juu, kulikuwa na 3. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umepona, na nyuma yake palikuwa na wa pili wenye dalili zile zile.

Nyumba za mawe za pwani zina kuta za karibu nusu mita. Zilijengwa kuzuia joto, na zinazuia mawimbi vile vile. Waifai hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ni ya kasi zaidi lakini hudhoofika haraka mbele ya ukuta; ya 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila ni nyembamba na ina watu wengi. Simu yetu ilihesabu majina kumi na saba ya waifai za majirani katika masafa hayo, na yote yanagombania nafasi ambayo kwa hakika inatosha njia tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Ruta iliyoachwa kwenye njia iliyosongamana inaweza kuhamishwa kwa kubadilisha tarakimu moja katika ukurasa wake. Tanuri la mikrowevu nalo hufanya kazi katika masafa hayo hayo, na anayepasha chakula huku mwenziwe yuko kwenye simu ya video wasishangae.

Isitoshe, sisi wenyewe tulikuwa tumeificha ruta ndani ya kabati la mninga, nyuma ya televisheni, kwa sababu taa zake hazikupendeza sebuleni. Tuliitoa tukaiweka juu, mahali pa wazi, mbali na friji na kioo kikubwa, na chumba cha mama kikapanda kutoka 3 hadi 6. Kisha tukafanya kosa la kununua kirudishi, kile kifaa kinachochomekwa ukutani kupokea waifai na kuitoa tena. Vifaa vya namna hii vya bei ya chini hupokea na kutoa kwa njia ile ile moja, kwa hiyo nusu ya muda vinasikiliza na nusu vinasema, na kasi hugawika. Fedha yake ilitosha kilo kadhaa za nyama. Kilichotufaa mwishowe ni kitu cha kizamani: waya wa mtandao wa mita ishirini, uliopita dirisha la ngazi hadi juu, na ruta ndogo ya pili mwisho wake, iliyowekwa itoe waifai tu bila ya kugawa anwani zake. Mama akapata 18. Kwa nyumba za mawe hatujui njia iliyo bora kuliko waya.

La tatu lilikuwa dogo na tunalitaja kwa kupita. Ijumaa moja, kila kitu kikiwa kizima, sauti ya mama ilimfikia mjomba ikiwa vipande vipande ilhali yeye alimwona mjomba vizuri. Sababu ilikuwa upande wa kupeleka. Katika waya wa televisheni nafasi ya kupeleka ni kipande chembamba tu cha mwanzo wa masafa, kilichobaki chote ni cha kupokea, ndiyo maana kifurushi cha 20 huweza kuwa na 2 au 3 tu za kwenda. Alasiri hiyo simu mbili za nyumbani zilikuwa zikipeleka picha za harusi ya jamaa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kwenda ikijaa, hata kupokea hulegea, kwa sababu kila kinachopokelewa lazima kijibiwe kwamba kimefika. Tulizipanga simu zile zipeleke picha usiku wa manane. Wenye kamera za ulinzi zinazotuma picha nje saa zote nao wazitazame.

Yako pia mambo ambayo wewe, fundi wako na kampuni yako hamna mkono ndani yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini, katika sehemu ya baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania na nchi jirani zikapata taabu kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo modemu itaonyesha nambari njema kabisa. Kipimo cha kasi kwa kituo kilicho ndani ya nchi kitakuwa kizuri na kurasa za nje zitakuwa zinajikokota. Hapo hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri.

Na pale ambapo kosa ni la kampuni kweli, vipimo vya waya vikionyesha nusu au robo ya kilicholipiwa kwa wiki kadhaa, na modemu ina nambari mbaya au usiku unaanguka kila siku, mteja ana haki ya kudai, tena kwa maandishi. Ahifadhi tarehe, saa, kasi, na namba ya kila malalamiko aliyopewa. Asiposikilizwa, kwa hapa Kenya Mamlaka ya Mawasiliano hupokea mashitaka ya wateja, na kwa Tanzania ni TCRA. Kote wataanza kwa kuuliza alikwisha kulalamika lini kwa mtoa huduma wake na alijibiwa nini.

Daftari letu sasa linaning'inia kwa uzi kando ya ruta. Hatupimi tena mara tatu kwa siku. Mara moja kwa mwezi tunafungua ule ukurasa na kuandika ile mistari mitatu. Miezi minne mfululizo nguvu ilikuwa 1 juu ya sifuri. Zilipoanza mvua za vuli ikashuka, kwanza 2 chini, na wiki iliyopita 5 chini. Kasi bado ni 19, na mama na mjomba wanaonana bila ya taabu. Tumeshampigia fundi. Kijana wa chini amepanda darini kwa idhini yetu kutazama kama lile bati limetoboka upya, na anasema limetoboka.